Redio ya mkono ya dola 28 na ripita za Columbus: uzoefu wangu wa miaka miwili

Redio ninayoizungumzia ni ile ndogo nyeusi ya mkononi, ya bendi mbili (yaani mafungu mawili ya masafa), inayotengenezwa China na kuuzwa mtandaoni kwa majina chungu nzima. Niliinunua kwa dola 28 pamoja na chaja, kibanio cha mkanda na antena fupi ya mpira, na nimeitumia kwa miaka miwili hapa Columbus, Ohio, ambako ninaishi na familia yangu tangu tulipohama kutoka Tanga. Jina lililoandikwa juu yake sitalitaja, kwa kuwa nimewahi kuifungua ya rafiki yangu yenye jina jingine kabisa nikakuta matumbo ni yale yale. Redio yenyewe ninaipa nyota tatu. Ripita, yaani mitambo ya juu ya minara inayopokea sauti zetu na kuzirusha upya, ambazo hugharimiwa na kutunzwa na watu wa kujitolea, ninazipa tano, na ninadhani anayetaka kununua redio ya namna hii anapaswa kufikiria ripita kwanza na chombo baadaye.

Kabla ya redio huja leseni. Kusikiliza hakuhitaji ruhusa, lakini kubonyeza kitufe cha kuongea katika masafa ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu na si kwa biashara, kunahitaji leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, na anayepata 26 amefaulu. Maswali yote yanayoweza kuulizwa huchapishwa hadharani pamoja na majibu yake, kwa hiyo nilisoma kwa wiki tatu, usiku baada ya kazi, nikafaulu. Leseni hudumu miaka 10 na ada yake kwa FCC ni dola 35, yaani niliilipia zaidi kuliko nilivyoilipia redio.

Wiki mbili za kwanza zilinivunja moyo. Nilikuwa ninawasikia watu vizuri, asubuhi wakielekea kazini na jioni wakirudi, lakini kila nilipotaja alama yangu ya wito, yaani herufi na namba zinazomtambulisha mwenye leseni hewani, hakuna aliyeitikia. Nilianza kudhani labda lafudhi yangu inawakimbiza. Jumamosi moja nikaenda kwenye kifungua kinywa cha wanachama wa klabu ya redio ya hapa, nikamwonyesha redio mzee mmoja mstaafu. Aliitazama skrini kupitia sehemu ya chini ya miwani yake, akabonyeza vitufe vinne au vitano bila kusema neno, kisha akanirudishia akaniambia nijaribu. Niliita, na watu wawili waliokuwa barabarani wakaitikia kwa mpigo.

Kosa lilikuwa kwenye toni. Ripita ni redio iliyowekwa juu ya mnara au jengo refu, ambayo hupokea sauti yako katika masafa fulani na papo hapo kuirusha upya kwa nguvu zaidi katika masafa mengine. Ukiwa unasikiliza kwenye megahezi 146.94, kwa mfano, redio yako inapaswa kuruka yenyewe hadi 146.34 unapobonyeza kitufe, kwa sababu tofauti ya kawaida katika bendi hiyo ni kilohezi 600. Zaidi ya hapo, ripita nyingi hukaa zimefunga mlango mpaka zisikie toni, mlio wa chini sana unaopanda pamoja na sauti yako bila wasikilizaji kuutambua. Redio hii ina sehemu mbili za kuijaza toni hiyo, moja ya kupokea na nyingine ya kutuma, na majina yake kwenye menyu yametofautiana herufi moja tu. Mimi nilikuwa nimeijaza ya kupokea. Kwa wiki mbili nzima nilikuwa ninabisha hodi kwa mlango ambao haukuwa na namna ya kunisikia.

Kitabu cha maelekezo kilichokuja na redio hakikunisaidia, na kupanga ripita moja moja kwa vitufe ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Njia bora ni kuipanga kwa kompyuta, kwa programu iitwayo CHIRP, ambayo ni ya bure. Waya wa kwanza niliounganisha nao haukutambuliwa na kompyuta hata kidogo. Nilinunua wa pili kwa bei kubwa zaidi kidogo, na jioni moja ilinitosha kuingiza ripita zote za mji huu na za njia ya kuelekea Cincinnati.

Tatizo lililofuata lilikuwa antena. Mawimbi ya bendi hizi husafiri karibu kama macho yanavyoona, kwa hiyo kinachoamua ni urefu kutoka ardhini kuliko nguvu za redio. Ohio ya kati ni tambarare; mtu aliyesimama uwanjani na redio mkononi ana upeo wa kilomita tano hivi, ilhali antena iliyowekwa mita 150 juu ya mnara ina upeo wa kilomita 50. Ndiyo maana wati tano za redio yangu zinatosha kabisa kuifikia ripita iliyo upande wa pili wa mji ninapokuwa nje, na hazitoshi ninapokuwa jikoni, katika nyumba ya chini ya jengo la matofali. Antena ya mpira iliyokuja na redio ni ya kubahatisha. Nilinunua antena ya gari yenye kitako cha sumaku, ambayo inahitaji bati pana chini yake ili ifanye kazi vizuri. Nikalileta sinia la pilau tulilokuja nalo kutoka Tanga, sumaku ikakataa kushika, kwa maana sinia letu ni la alumini. Sinia la kuokea mikate la mke wangu ni la chuma, na hapo sumaku ilishika kwa mlio ambao aliusikia akiwa chumbani.

Sasa nije kwenye matumizi yenyewe. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba sheria za hapa haziniwajibishi kuzungumza Kiingereza. Ninaweza kuzungumza Kiswahili nitakavyo, ili mradi alama ya wito niitaje kwa Kiingereza, angalau kila baada ya dakika 10 na mwishoni mwa mazungumzo. Mwaka wa pili alifaulu mtihani mzee mmoja wa Mombasa anayeishi kaskazini mwa mji, na siku ya kwanza tulipokutana hewani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali, nikamuuliza hali, akaulizia watoto, nikaulizia mguu wake, akaulizia mvua za Tanga kama kwamba ninakaa huko bado, na kabla hatujafika kwenye jambo lililotukutanisha ripita ikatukata.

Ripita ina saa ndani yake. Ripita hiyo huhesabu dakika tatu, na saa hurudi kwenye sifuri pale tu mmoja anapoachia kitufe, mlio mfupi ukasikika, ndipo mwingine aanze. Sisi tulikuwa tunapokezana salamu kwa kasi ya kwetu, kila mmoja akidakia kabla ya mlio, kwa hiyo kwa hesabu ya mashine yalikuwa ni mazungumzo ya mtu mmoja asiyepumua. Iliporudi, sauti ya Mmarekani mmoja ikatuuliza kwa upole ni lugha gani ile, na akatueleza habari ya mlio. Tangu hapo mzee amejifunza kusema “nakuachia” kisha kunyamaza kidogo, na mimi vilevile. Pumziko hilo lina faida nyingine, kwamba mwenye dharura hupata nafasi ya kuingia.

Majira ya kuchipua, dhoruba zinapokuja, ripita hiyo hiyo hubadilika kabisa. Msimamizi huchukua usukani, gumzo hukoma, na wanaoruhusiwa kuongea ni wale tu wenye jambo waliloliona kwa macho: mvua ya mawe na ukubwa wake, mti ulioanguka, wingu linalozunguka. Taarifa hizo hupelekwa kwa idara ya hali ya hewa kupitia mpango wa Skywarn, ambao huwafundisha watazamaji wa kujitolea. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu kwa muda wa saa tatu. Ripita ilikuwa na betri zake, na nilikaa gizani na watoto tukifuata dhoruba ikihama kutoka kitongoji hadi kitongoji. Binti yangu, ambaye mpaka siku ile alikuwa akiiita redio hiyo “kelele za baba”, ndiye aliyenikumbusha asubuhi kuirudisha kwenye chaja.

Shemeji yangu, mwenye malori manne, aliona mambo hayo akataka niwapangie madereva wake redio kama yangu. Nilimkatalia, na hakufurahi. Masafa ya ridhaa hayaruhusiwi kutumika kwa kazi ya biashara, na leseni ni ya mtu binafsi, kwa hiyo kila dereva angehitaji yake na hata hivyo wasingeweza kuulizana habari za mzigo. Kwa shughuli kama hiyo kuna masafa mengine na leseni nyingine.

Kasoro za redio hii sitazificha. Nikiwa katikati ya mji, karibu na minara mingi, inazidiwa na mawimbi ya wengine na ripita ninayoisikiliza inazama kabisa. Kitufe cha kuongea kimeanza kulegea. La kuangaliwa zaidi ni kwamba redio za aina hii mara nyingi zinaweza kutuma katika masafa yasiyo yetu, yakiwamo ya polisi na zimamoto, na mwaka 2018 FCC ilitoa onyo kuhusu redio za bei nafuu zinazouzwa bila kukidhi masharti. Mimi nimezuia utumaji kwenye kila masafa nisiyoruhusiwa, jambo linalowezekana kupitia CHIRP, hasa kwa kuwa nina mtoto mwenye vidole vyepesi.

Wanaoniuliza kama wakienda likizo Tanga au Mombasa waende nayo, ninawaambia wasiitie kwenye sanduku tu. Leseni ya Marekani haikupi haki ya kutuma Tanzania. Ruhusa inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kwa Kenya ni mamlaka yao ya mawasiliano. Isitoshe bendi yenyewe si ile ile: hapa inaanzia megahezi 144 hadi 148, Afrika inaishia 146, kwa hiyo karibu ripita zangu zote za bendi hiyo, zilizopangwa kwenye 146 na 147, kule zingekuwa nje ya masafa ya ridhaa. Safari yetu ya Desemba iliyopita niliiacha nyumbani.

Niliporudi nilikuta antena imewekwa kwa adabu juu ya kabati, na sinia la mikate limerudi jikoni. Mke wangu ameniagiza nitafute bati langu mwenyewe, nami nimelipata, la inchi 12, la kuokea piza. Mzee wa Mombasa anasema sasa ninasikika vizuri zaidi.