Nimesoma masta ya masoko Arusha huku nakaa Moshi, uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama masta ya masoko ina faida, mimi nimemaliza juzi juzi tu. Nimesoma programu ya wikendi kwenye chuo kimoja Arusha huku nakaa Moshi, na ntaeleza nilivyoiona mimi. Chuo sitakitaja jina kwa sababu kuna jambo limeniumiza pale na sitaki kumharibia mtu kazi yake.

Nyumbani tunakaanga kahawa na kusaga, tunapaki robo kilo na nusu kilo, tunauza madukani Moshi mjini na kwenye hoteli chache. Kilichonipeleka shule ni swali moja tu ambalo lilikua linanisumbua miaka, yaani huu mji ni wa kahawa, KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, ipo hapa toka 1933, ukipanda mlimani huko kihamba baada ya kihamba, yaani yale mashamba ya nyumbani, unakuta mibuni, lakini ukiingia kwenye nyumba za watu asubuhi unakuta chai, na mwenye kunywa kahawa anakoroga ile ya kopo. Kwanini hawanunui yetu? Jibu langu mimi lilikua bei, na nilikua tayari kushusha mpaka tupate hasara.

Ratiba ilikua Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Moshi Arusha ni kama kilomita 80, lakini Kosta inasimama Boma, inasimama KIA, Usa River ndo usiseme, kwa hiyo Ijumaa natoka saa 8 mchana na bado naingia darasani lekcha imeshaanza. Nauli, chakula, pa kulala Ijumaa usiku, pigeni hesabu hizo zote kabla hamjajaza fomu maana watu wanaangalia ada peke yake halafu semista ya pili wanapotea.

Masomo ya darasani kiukweli mengi niliyakuta digrii ya kwanza. 4P za McCarthy za 1960, yale mambo manne ya kupanga unapouza kitu: bidhaa, bei, mahali na promosheni, halafu zile 3 walizoongeza Booms na Bitner 1981 kwa ajili ya huduma: watu, mchakato na ushahidi unaoonekana. Tofauti ni kwamba masta unabishana nazo, na darasani kwetu kulikua na mtu wa kampuni ya utalii, dada anauza mbegu na dawa za mimea, na kaka wa benki, kila mmoja analeta shida ya kazini kwake. Nilijifunza kwao sana kuliko kwenye slaidi.

Ila kitu kilichonirudishia hela yangu ni riseachi.

Nilichagua swali langu lile lile la kahawa. Sampuli, yaani idadi ya kaya za kuuliza, nikatafuta kwa fomula ya Yamane, n = N/(1+Ne²), mtaa una kaya 400 (N), kosa ulilokubali ni 0.05 (e), inakuja kaya 200 (n). Dodoso nikaandika kwa skeli ya Likert, ile ya toka 1932, nakubali kabisa mpaka sikubali kabisa. Nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya majaribio nikaenda kwa mama mmoja karibu na soko la Mbuyuni, nikamwamkia, akanipa kiti, nikaanza kumsomea, na kila swali anajibu nakubali kabisa mwanangu. Kahawa yenu ni nzuri? Nakubali kabisa. Bei ni kubwa? Nakubali kabisa. Bei ni ndogo? Nakubali kabisa. Nikaelewa huyu mama ananikirimu, mgeni aliyekuja kwako na shikamoo humwambii hapana. Majibu ya namna hiyo ukiyaingiza kwenye SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, itakupa majedwali mazuri tu na yote ni uongo.

Nikarudi kuandika upya. Maswali ya nakubali nikapunguza, nikaweka swali moja la kuomba: mama, naomba unionyeshe unavyoandaa kahawa hapa kwako. Hapo ndo nilipata majibu. Wengi niliowatembelea hawakua na kichujio, wanachemsha unga kwenye sufuria, machicha yanaingia kikombeni, watoto hawataki, baba anamwaga, kesho wanarudi kwenye kopo. Bei walikua wanaitaja mwishoni au hawaitaji kabisa. Miaka yote hiyo nilitaka kushusha bei wakati shida ipo jikoni!

Sasa jambo lililoniumiza. Programu kwa maandishi ni miezi 18, mimi imenichukua karibu miaka 3, na sehemu kubwa nilikua nasubiri supavaiza asome sura ya tatu. Unatuma, kimya, unapiga simu anakwambia njoo Jumatano, Jumatano unafunga safari toka Moshi unakuta mlango umefungwa. Nilibadilishiwa supavaiza baada ya kuandika barua, na wa pili alinisaidia ndani ya wiki chache, Mungu ambariki. Kwa hiyo kabla ya kulipa muulizeni mratibu wa programu supavaiza mmoja anabeba wanafunzi wangapi, na watafuteni waliomaliza mwaka jana muwaulize walikaa muda gani. Na kila mnachotuma tumeni kwa imeili ili tarehe ibaki, mimi barua yangu ilisikilizwa kwa sababu nilikua na tarehe zote.

Kwa anayetaka cheo ofisini sina uzoefu wa kumwambia. Kwa mwenye biashara, au anayefanya kazi kwenye biashara yenye swali ambalo halijajibiwa, ningemwambia aende, ila aende na hilo swali mkononi toka siku ya kwanza asisubiri kupewa mada.

Sisi nyumbani bei hatujagusa. Tumeanza kupaki gramu 50 na ndani tunaweka kichujio cha kitambaa anachoshona shangazi yangu, mangi wa duka la kona alichukua pakiti 20 za kujaribu, na Jumamosi iliyopita amenipigia simu anataka nyingine.