Miezi 4 ya milo ya friza ya kupunguza uzito: uzoefu wangu

Nilianza kununua milo hii kwa sababu ya uchovu. Jioni narudi nyumbani na njaa kali, na mtu mwenye njaa hachagui vizuri. Boksi lilinipunguzia kazi ya kufikiri: dakika chache kwenye maikrowevu, kalori 300 zimeandikwa ubavuni, nakula. Nilienda hivyo miezi 4, mchana na usiku, siku 5 kwa wiki.

Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 3, na hilo silibezi. Kisha mizani ikakwama.

Nikaamua kuandika kila kinachoingia mdomoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Mlo wa saa 1 jioni ulikuwa umeisha tumboni kufikia saa 4 usiku, nami nilikuwa nasimama jikoni nakula mkate na siagi ya karanga, halafu biskuti. Kalori nilizoziokoa kwenye boksi zilirudi zote, na nyongeza juu. Nilipoisoma lebo kwa makini nikaona kwa nini: nyuzinyuzi gramu 3, protini gramu 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa maboksi 2 nilikuwa napata 6.

Chumvi ndiyo iliyonikera zaidi. Boksi nililolipenda lilikuwa na miligramu 650 za sodiamu. Mawili ni 1,300, na kikomo cha shirika hilo hilo kwa siku nzima ni chini ya 2,000, yaani chumvi isiyofika gramu 5. Hapo sijahesabu kifungua kinywa. Neno kubwa la mbele linasema "nyepesi", chumvi imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Hilo naliona si haki kwa mnunuzi.

Kugandisha kwenyewe hakuna ubaya. Mboga zinazogandishwa mapema baada ya kuvunwa hubaki na sehemu kubwa ya vitamini zake, na mimi bado nanunua njegere na mchicha wa friza.

Basi nikaacha maboksi, nikaanza kupika mwenyewe. Kupika nako kulinisumbua mwanzoni. Wiki 3 nzima sikupungua hata kidogo, nikakaribia kuyarudia maboksi. Kumbe ni mafuta! Nilikuwa namimina kwa kukadiria. Siku nilipoyapima nikakuta ni vijiko vikubwa 4, na kijiko kimoja tu kina kalori zipatazo 120. Sasa natumia kimoja kwa sufuria nzima.

Siku ya mapumziko napika dengu au maharage mengi, kuku na mboga, nagawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, naandika tarehe, naweka kwenye friza. Wali naupoza haraka na kuuhifadhi kwenye friji kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu uive, maana ukikaa nje muda mrefu huzaa bakteria. Bakuli langu lina kalori kama 450, zaidi ya boksi, lakini nalala bila kurudi jikoni. Kilo 4 zaidi zimeondoka tangu hapo, polepole.

Maboksi nimebakiza 2 ya dharura. Ukinunua, tafuta yenye protini gramu 20 au zaidi na sodiamu chini ya miligramu 600, uongeze mboga nyingi pembeni. Na ulikoroge katikati ya kupasha, kwa sababu maikrowevu huacha kiini kikiwa baridi.