Datsun 1600 SSS: Namna ya Kuijua Halisi na Kuitia Bei

Karibuni, watazamaji. Leo tuko Nakuru, na hii iliyo mbele ya kamera ni Datsun 1600 SSS, toleo la kispoti la Datsun 1600, ambayo wapenzi wake huiita 510 tu. Wenye umri wao wanaikumbuka vizuri. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, na ndiyo sababu mpaka leo mtu akiliona limefunikwa turubai kwenye ghala la shamba kule Njoro au Subukia, moyo humruka. Broka naye huona moyo wako umeruka, bei inapanda papo hapo. Kwa hiyo leo tunazungumzia bei: thamani ya gari hili imekaa sehemu gani, na utaipima vipi.

Niseme msimamo wangu mapema. Thamani imekaa kwenye bodi isiyokatwa na nambari zake. Injini inafuata, kisha kabureta zake mbili za kiwandani na manifodi, yaani bomba linalozifunga kwenye injini. Rangi inayong'aa naiweka mwisho kabisa, kwa sababu rangi hupulizwa kwa wiki moja, lakini bodi ya SSS haitengenezwi tena popote. Na kwa kawaida sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo zilizobaki nchini ndizo hizo hizo tunazogombania.

Fungua boneti. Nambari ya chesis imepigwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Isome polepole. Gari la 1600 huanza na P510. Ukikuta 510 bila P, hiyo ilizaliwa na injini ya 1300, na beji za SSS zilibandikwa baadaye. Beji zinauzwa, hazithibitishi chochote. Sasa ingia ndani na tochi, lala chini ya dashibodi, utazame ukuta huo huo kwa upande wa pili. Ukiona mstari wa kuchomelea unaozunguka sehemu yenye nambari, kipande hicho kilikatwa kwenye gari lingine. Hapo usijadili bei. Funga boneti uondoke.

Injini yake ni L16: sentimita za ujazo 1595, pistoni za milimita 83, mwendo wa milimita 73.7. Nambari imepigwa kwenye bloku upande wa kulia, upande wa plagi, chini kidogo ya silinda hedi kuelekea nyuma, na hutanguliwa na herufi L16. Safisha grisi kwa petroli na brashi ndipo usome. Mara nyingi utakuta L18 au L20B, injini kubwa zaidi za ukoo huo huo, kwa sababu zinaingia bila matatizo makubwa na kwa jicho la haraka zinafanana. L20B ina sentimita za ujazo 1952 na bloku yake ni ndefu kwenda juu kwa milimita 20 hivi, kwa hiyo hedi hukaribia boneti zaidi. Ni injini tamu kuiendesha, hilo silikatai. Ila mimi hukata robo ya bei, kwani anayelipa pesa ya SSS halisi analipia ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kabureta ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. SSS ina Hitachi mbili za kulala, za mtindo wa SU. Mafundi wengi waliziondoa kwa sababu kuzilinganisha kunataka subira, wakafunga kabureta moja ya kawaida. Ukikuta moja, muulize mwenye gari kama zile mbili ziko stoo. Zikiwepo pamoja na manifodi, hata zikiwa na kutu, bei inarudi karibu mahali pake. Zikiwa bado kwenye gari, shika mhimili wa throtoli uusukume juu na chini. Ukicheza, hewa inapenya pembeni na sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, haitatulia hata ukaze skrubu mpaka usiku. Kisha inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachilie: ishuke yenyewe bila kusita, igonge chini kwa sauti safi. Ikikwama, ni uchafu au imepinda.

Kuna jambo la Nakuru ambalo mtu wa Mombasa hawezi kukwambia. Hapa tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. L16 isiyo na ubaya ikipimwa kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, pwani hutoa kama PSI 170. Hapa injini hiyo hiyo itatoa 135 hadi 140, na Kisumu, ambako ni chini zaidi, kama 148. Watu wamefungua injini zisizo na ubaya kwa kusoma takwimu za kitabu cha gari bila kufikiria mwinuko. Pima injini ikiwa moto, plagi zote 4 zimetolewa, akselereta imekanyagwa mpaka mwisho. Kinachokuhusu zaidi ni tofauti kati ya silinda: ikizidi PSI 15, mwaga kijiko cha mafuta ya injini kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Na plagi nyeusi hapa si lazima iwe ugonjwa, huenda kabureta bado imewekwa kwa hewa ya pwani. Pandisha nati ya jeti kidogo kidogo uone.

Kama gari limekaa miaka bila kuwashwa, usikubali liwashwe kwa ajili ya kukufurahisha. Mwaga petroli ya zamani. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha mafuta kila silinda, acha mpaka kesho, kisha zungusha krenki kwa spana ya mkono. Ikizunguka bila kukwaruza, ndipo utumie stata.

Sasa bodi, na hapa ndipo pesa huponyoka. Chukua sumaku ndogo uivalishe kitambaa chembamba usichubue rangi. Pitisha kwenye kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na chini ya kioo cha mbele. Isiposhika, hapo kuna fila, ile plasta ya kuziba mashimo ya bodi. Inua kapeti, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi usikie. Tazama trei ya betri, na shimo la tairi la akiba ndani ya buti. Gari lililokaa Kisumu au Busia huliwa na unyevu kutoka chini. La huku kwetu hutunza bodi vizuri zaidi, isipokuwa kama lililala ghalani na kuku. Mavi ya kuku hula rangi mpaka chuma, na panya humaliza nyaya. Vidoto vya kuchomelea vya kiwandani pembeni mwa chumba cha injini vionekane kwa safu. Pakiwa laini kama sahani, gari liligonga likanyoshwa. Chini ya gari, pima mshazari kwa futi ya kamba, bolti kwa bolti, mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha kinyume. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5, uliza kwa nini.

Muuzaji akisema liliwahi kukimbia rali, bodi itasema. Utaona mabati ya kuimarisha pale shoki za mbele zinapofungiwa juu, matundu ya bolti za keji ya kumkinga dereva sakafuni, alama za bamba la kukinga sampu chini ya injini, pengine tundu la kipimo cha masafa cha Halda kwenye dashibodi. Lakini keji hufungwa hata leo kwenye gereji yoyote. Mimi silipi shilingi moja ya historia bila picha za wakati huo zinazoonyesha nambari pleti, au karatasi za mashindano. Na kumbuka gari la rali lilipigwa na mawe na mashimo kweli kweli, kwa hiyo tafuta nyufa kwenye vishikizo vya krosmemba, ile boriti ya chini inayobeba injini.

Nyuma, 510 ya saluni ina magurudumu yanayojitegemea na springi za koili. Ya stesheni wagoni hutumia springi za majani. Saluni ikiwa imeshushwa sana, tairi za nyuma zitaliwa upande wa ndani. Hilo linarekebishika. Ekseli fupi zina krosi kila mwisho na sehemu inayoteleza kwa gololi katikati. Grisi ikikauka, hukwama kisha huachia kwa mshtuko unapotoka kwenye kona. Difu ni R160, jamaa wa zile za Subaru, kwa hiyo spea zinapatikana, na hata kama mtu alifunga ya Subaru sikati bei sana, maana inarudishwa kwa siku moja.

Peleka gari kwenye mlima wa Menengai. Ukiwa kilomita 40 kwa saa, toka gia ya 3 uingie ya 2 taratibu. Likikwaruza, sinkro ya 2, pete inayolainisha uingizaji wa gia, imekwisha. Stelingi ikiwa na uchezaji, shika mkono wa aidola, ule wa pili unaoshikilia fito za stelingi, kabla ya kulaumu boksi ya stelingi, huo ndio huchoka kwanza. Mkirudi, acha injini ikinguruma, fungua kifuniko cha mafuta ya injini. Moshi ukipuliza kwa vishindo, ringi.

Kabla ya kutoa hata amana, fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe chesis na injini na vile ulivyosoma kwa macho yako. Mkielewana, andikeni kwenye hati ya mauzo nambari zote mbili, na kila spea iliyo stoo: kabureta, manifodi, grili, taa, hata mpira wa kioo. Kisha pakieni manifodi siku hiyo hiyo, isibaki ghalani.