Jumamosi nne na bibi: uzoefu wangu wa makumbusho na nyumba za sanaa Dar

Nimekaa Dar miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo nimeshuka kituo cha Makumbusho mara nyingi mno: kubadilisha gari, kununua matunda, kumsubiri mtu chini ya mwamvuli wa wakala wa simu. Makonda wanaliita jina hilo kutwa nzima, nasi tumelizoea kama jina la kituo tu. Makumbusho yenyewe, kile Kijiji chenye nyumba za jadi, yapo palepale kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960. Sikuwahi kuvuka geti lake hadi Juni hii.

Aliyenivusha ni mama mkwe. Alikuja kutoka Bukoba kuangaliwa magoti, watoto wakawa wamefunga shule, na nyumba nzima ikahamia mbele ya televisheni. Nikajiwekea ahadi: kila Jumamosi ya likizo tunakwenda mahali pa sanaa au makumbusho penye shughuli ya watu wote, bibi akiwemo. Tulikwenda Jumamosi nne. Naandika kwa sababu wenzangu kazini wananiuliza wawapeleke wapi watoto zaidi ya ufukweni na kwenye bembea.

Nianze na iliyoniudhi. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, uliotangaza warsha ya watoto ya kuchora, saa nne asubuhi, bure. Tukafika saa nne kasoro, bajaji ikatushusha, geti limefungwa. Mlinzi, kijana mpole kabisa, akatuambia warsha imesogezwa na taarifa ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Sisi si wanachama, tuliona bango. Akatukaribisha turudi jioni kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha, tukarudi. Hotuba tatu, zote Kiingereza. Maelezo ya picha ukutani, yote Kiingereza. Mama kavaa kitenge chake kipya, kaketi wima, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Anasemaje?" Nikawa namtafsiria sikioni mpaka wa mbele yetu akageuka.

Baadaye, kwenye meza ya vitafunwa, mchoraji mwenyewe akaja kumsalimia. Akamwamkia shikamoo, akamshika mkono, akampeleka mbele ya picha moja ya wanawake wanaosubiri maji, na kwa dakika mbili za Kiswahili kizuri akamweleza kwa nini ndoo zote kazipaka bluu. Mama akaelewa kila kitu na akauliza maswali mawili. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu. Uwezo wa kumkaribisha mama yangu ulikuwepo pale tangu mwanzo, ila hakuna aliyeupanga kwenye ratiba. Tangu siku hiyo nikawa na kipimo changu: je, kuna mtu wa kukaa na mgeni na kumweleza kwa lugha yake?

Jumamosi ya pili tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Ukishuka Posta unaweza kutembea taratibu. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940, na sehemu ya Nyumba ya Utamaduni imeongezwa miaka yetu hii, ina kumbi za maonyesho na jukwaa. Binti yangu wa miaka tisa alitaka habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, kwa sababu wamelisoma darasani. Mdogo wake hakutaka kuondoka kwenye magari ya zamani ya viongozi. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa familia isiyozoea makumbusho, maana kila mtu anapata chake.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae na kuandika. Tulikwenda kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nilipiga simu siku moja kabla, na nakushauri ufanye hivyohivyo, kwa sababu hii: rangi wanayotumia ni rangi ya mafuta, ile ngumu inayong'aa ambayo watu wa zamani waliijua kwa kupaka rangi baiskeli. Haikauki upesi. Rangi ya chini lazima ipakwe mapema ndipo uchore juu yake. Tulipofika, vibao viwili vya watoto vilikuwa vimeshapakwa tangu jana yake, kimoja njano inayoishia kwenye rangi ya chungwa, kingine buluu.

Fundi aliyetupokea ni mtu mzima, mwenye vidole vyenye rangi kwenye kila mkunjo wa ngozi. Akamwamkia Mama, akamtafutia kiti chenye mgongo, ndipo akawageukia watoto. Hakuwapa karatasi ya majaribio. Akachukua chaki, akachora umbo la kanga, yule ndege, akampa binti yangu brashi. Mwili ukapakwa mweusi. Kisha yakaja madoa meupe, na hapo nikasogeza kiti.

Doa halichorwi kwa kuzungusha brashi. Unageuza brashi, unachovya ncha ya mpini kwenye rangi nyeupe iliyomiminwa kwenye kifuniko cha kopo, unaifuta kidogo ukingoni, unagusa ubao, unanyanyua moja kwa moja juu. Doa la kwanza la binti yangu lilichuruzika hadi mguuni mwa ndege. Fundi akalifuta kwa kitambaa chenye tina, akasema, "Rangi imezidi. Futa ukingoni." La pili likawa kubwa, la tatu likapinda. Alipofika kama la arobaini, madoa yalikuwa yamejipanga kama mbegu shambani, naye alikuwa hasikii tena mtu akimwita. Mama akasema ndiyo maana na nguo wakaiita kanga, kwa madoa ya ndege huyu. Fundi akacheka akasema hata yeye aliambiwa hivyo na mama yake.

Walipokuwa wakisubiri madoa yashike, akatusimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta maisha, akafanya vibarua vya kila aina, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Miaka ya kazi yake ya uchoraji haikufika hata mitano. Wengi wa waliobaki na ufundi huo walikuwa ndugu zake na vijana waliokaa pembeni yake wakimtazama anavyopaka, wakajaribu, naye akawasahihisha. Nilimtazama fundi wetu akiwa ameinama juu ya mkono wa binti yangu, nikaona kabisa jinsi jambo hilo lilivyofika mpaka kwetu.

Rangi ilikuwa haijakauka tulipoondoka. Mdogo mtu alibeba kibao chake juu ya viganja viwili kwenye daladala, na konda, badala ya kutusukuma, akawaambia abiria, "Jamani, mwachieni nafasi msanii." Watu wakajibana.

Jumamosi ya nne, Kijiji cha Makumbusho. Sikutegemea makubwa. Nilijua kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyokuwa, na kwamba siku za mwisho wa wiki huwa kuna ngoma. Tukapita taratibu kwa ajili ya magoti ya Mama, watoto wakikimbia mbele kuingia kila mlango. Kisha tukafika kwenye msonge wa Wahaya, ule wa nyasi kuanzia juu kabisa hadi chini zinapogusa ardhi.

Mama akasimama. Hakusema kitu. Akapitisha kiganja kwenye nyasi za mlangoni kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa. Kisha akainama, yeye ambaye magoti ndiyo yaliyomleta Dar, akaingia.

Ndani hamna joto, kuna mwanga kidogo tu wa mlangoni. Akawaonyesha wajukuu: hapa walilala wazee, hapa moto, na moshi huu mnaoukimbia ndio uliozuia wadudu wasile nyasi za paa. Chini, akasema, walitandika majani makavu, na kuyabadilisha ilikuwa kazi yake kila anapotumwa akiwa mdogo kama binti yangu. Mgeni akifika hapewi chai. Anapewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa. Na watu wakitaka kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja, walichanjiana, wakagawana punje mbili za buni moja, kila mmoja akila iliyopakwa damu ya mwenzake. Mwanangu akaniangalia kuhakikisha ni kweli.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa umejaa. Wanafunzi wa sekondari waliokuja na mwalimu wao, wazazi wawili wenye mtoto mgongoni, na mhudumu wa pale. Nikadhani tumeziba njia. Mhudumu akasema, "Mama, endelea tu, tunasikia." Akaendelea karibu nusu saa, ameketi kwenye kigoda, wanafunzi chini kwenye sakafu. Mmoja akauliza kama nyumba hizo bado zipo Bukoba. Akamjibu kwamba yeye kwake ana bati, na mvua ikinyesha hamsikilizani.

Ngoma ilianza mchana, tukakaa kwenye benchi chini ya mti, watoto wakaitwa kucheza, wakacheza vibaya na kwa furaha. Lakini kwetu sisi shughuli ilikuwa imeshafanyika ndani ya msonge. Nilikuja kujua kuwa Kijiji kimekuwa kikiandaa Siku za Utamaduni, ambapo jamii ya sehemu moja ya nchi hupewa jukwaa kuonyesha vyakula, ngoma na kazi zake za mikono. Wenye wazee nyumbani, fuatilieni hizo kuliko zote, na mwende nao.

Jioni hiyohiyo tulipitia Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Pale wasanii wana studio, baadhi ndani ya makontena, na unaweza kumkuta mtu kazini ukamwuliza anafanya nini. Tulikuwa tumechoka, hatukukaa sana. Nitaipa siku yake.

Mambo machache ya kukusaidia. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, kipupwe, hakuna mvua nyingi wala jua la kuchoma. Kijiji kipo wazi, unatembea nje muda wote, kwa hiyo masika kitawapa shida wazee. Beba kitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni. Tarehe 18 Mei kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, uliza mapema kama kuna lolote limepangwa. Na popote unapokwenda kwa sababu ya bango, piga simu asubuhi ya siku hiyo. Usinunulie watoto nguo mpya za kwendea kuchora, rangi ile haitoki.

Kibao cha kanga kimetundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Mama amerudi Bukoba na kile cha buluu, alikifunga ndani ya nguo zake katikati ya begi. Juzi amepiga simu kuuliza shule zinafunga lini Desemba, na kama yule mhudumu wa pale Makumbusho ni yuleyule, kwa sababu safari hii anakuja na kahawa ya kutafuna ya kuwatosha wanafunzi wote.