Neno la Siku la Merriam-Webster: miezi mitano na binti yangu wa Kidato cha Kwanza

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana ndogo hapa Morogoro, na Kiingereza changu kiliishia Kidato cha Nne. Binti yangu alipoanza sekondari mwezi Januari, alikuwa akirudi na daftari la Biolojia limejaa maneno aliyoyanakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa, na hata nusu yake hajui maana. Miaka saba kasoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Mzazi aliyesomesha mtoto shule ya serikali Tanzania anaijua hali hii.

Nilianza na huduma moja ya kulipia inayotuma neno kila siku kwa ujumbe wa simu. Sitaitaja jina. Kila asubuhi ilikata salio, ikaleta neno na tafsiri yake, basi. "Abundant: tele." Mwisho wa mwezi nikamuuliza mtoto maneno kumi, akakumbuka mawili. Nikajitoa.

Ndipo mteja wangu mmoja, mwalimu wa Kiingereza niliyemtengenezea geti, akanionyesha Neno la Siku la Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi wa Marekani ambao kampuni yao ilianza mwaka 1831. Ni bure, ukiacha bando lako. Unaandikisha barua pepe, na kila siku linaingia neno moja: aina yake, matamshi ya kusikiliza, maana, mfano wa sentensi, halafu maelezo mafupi ya neno lilikotoka au linavyotumika. Wana podikasti pia, lakini mwanangu anapenda zaidi kusoma.

Hayo maelezo ya mwisho ndiyo yamenifanya niandike. Jioni moja tulikuwa na neno "voracious". Nikamwambia ni mlafi, mtu asiyeshiba. Akaandika. Akaendelea kusoma kwamba limetokana na neno la Kilatini "vorare", yaani kula kwa pupa. Akanyamaza, akainuka, akaenda kuleta daftari la Biolojia. "Baba, hebu tazama. Herbivore. Carnivore. Omnivore. Si ndiyo hiyohiyo!" Maneno aliyokuwa ameyakariri kama namba za simu yakafunguka papo hapo. Tukatafuta na mianzo yake: "herba" ni majani, "carnis" inahusu nyama, "omnis" ni vyote. Chakula kilipoa mezani na hakuna aliyejali. Neno moja lilitulipa manne, na tangu siku hiyo hajayachanganya tena.

Sasa, lazima mzazi ajue kwamba maneno haya yanachaguliwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza tayari wanacho. Mengine hata mwalimu niliyemtaja huyatafakari kwanza. Ukimlazimisha mtoto wa Kidato cha Kwanza ameze yote saba ya wiki, utamchosha bure. Sisi tunachukua matatu, nayo anayachagua mwenyewe. Siku zinazobaki tunatoa neno kwenye vitabu vyake vya shule. Kwa wa Kidato cha Tatu na kuendelea nadhani hata matano yanawezekana. Jambo lingine ni tahajia: ni ya Kimarekani, "color" na "center", wakati vitabu vyetu vinaandika "colour" na "centre". Mwambieni mtoto mapema.

Na neno likisomwa mara moja tu halikai, hata likielezwa vizuri namna gani. Mwalimu yule alinieleza kuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyapima mambo haya na kuyachapisha mwaka 1885: tunachojifunza kinaponyoka haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo tulinunua kaunta buku. Kila neno lina nusu ukurasa: maana kwa Kiswahili, asili yake, na sentensi moja aliyoitunga yeye kuhusu jambo la nyumbani kwetu. Kunakili mfano wa kwenye barua pepe ni marufuku. Namuuliza kesho yake, namuuliza baada ya siku tatu, namuuliza tena baada ya wiki. Akikosa, neno linarudi mwanzo. Mara nyingi tunafanya karakanani akitoka shule. Ananiamkia, anaweka begi, nazima grinda ili nimsikie.

Ninachotamani ni huduma ya namna hii kwa Kiswahili, yenye maelezo ya asili. Watoto wetu wanaongea Kiswahili siku nzima lakini mtihani wa ushairi unawashinda kwa msamiati. Alipoona kwamba kamusi ile inalieleza neno "safari" na kulifuatilia hadi kwenye Kiarabu, alifurahi kweli, akaniuliza maneno yetu mengine yametoka wapi. Sikuwa na pa kumpeleka kila siku.

Juzi nilikuwa nachomelea grili ya dirisha, barua pepe ya siku hiyo hata sijaifungua. Akaja na kaunta buku mkononi. "Shikamoo Baba. Leo neno ninalo mimi." Lilikuwa "volatile", kalikuta kwenye Kemia, kwenye kimiminika kinachogeuka mvuke upesi, akalitafuta mwenyewe kwenye kamusi ya kwenye simu ya mama yake. "Linatokana na 'volare', Baba. Kuruka."