Tahadhari: anayeuza safari za boti kwenda Tchegera anakula avansi za watu

Ndugu zangu wa Goma, na ninyi wa Bukavu mnaopanda boti kuja kututembelea, nawaomba msitume pesa kwa mtu anayetangaza kwenye WhatsApp safari ya siku mbili ya visiwa vya Ziwa Kivu, yenye kayaki, kutazama wanyama na kulala hemani kisiwani Tchegera. Jina lake siliandiki kwa kuwa analibadili kila mara. Kisichobadilika ni picha zake.

Picha hizo zilipaswa kunizindua mapema. Moja inaonyesha sili, wanyama wa baharini, wamelala juu ya miamba myeupe, ilhali Kivu ni ziwa la maji baridi, na Tchegera ni ukingo wa kreta ya zamani wenye mawe meusi ya volkano. Kwetu utamwona mnandi akikausha mabawa, au mdiria, na ukibahatika fisi maji. Nilijiambia kwamba picha ni pambo tu (uzembe wangu), nikatuma dola 120 kwa Airtel Money, avansi ya watu wanne, bila risiti.

Tulipofika ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, tulipokelewa na kijana aliyesema ametumwa, akatuonyesha mtumbwi mrefu wa mbao uliokuwa bado na vumbi la makaa ndani. Kayaki hazikuwepo. Jaketi za kujiokolea zilikuwa tatu kwa abiria kumi na mmoja, na niliyopewa mimi ilikuwa imepoteza kifungo, ikafungwa kwa kamba ya katani. Kisha akadai dola 40 za mafuta. Tulikataa kupanda, na tangu hapo mwenye tangazo hapokei simu zetu.

Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 470, na sote tunakumbuka boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Kinachonitia hofu zaidi ni hema zake: nilipomuuliza tungelala wapi iwapo Tchegera ingejaa, alijibu kwamba lipo bonde zuri kando ya maji, upande wa Sake. Mwenyeji wa huko anayajua mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ambayo humuua mtu usingizini bila hata kumpa harufu ya kumshtua.

Tchegera imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na malazi ya pale hupangwa na hifadhi yenyewe, kwa hiyo ulizeni kwanza kwao kama wageni wanapokelewa. Kwa kisiwa kingine chochote, nendeni siku moja kabla mkaione boti, mhesabu jaketi na kujaribu vifungo vyake, ndipo mlipe.

Juzi nimeliona tangazo lake tena, kwa jina jipya, na sili ni wale wale.