2001: A Space Odyssey kwenye diski ya 4K, kwa macho ya mhariri wa harusi

Mama ndiye aliyeona wa kwanza. Filamu haijafika hata robo saa, chui kajilaza juu ya mzoga wa punda milia, giza linaingia, na macho yake yanawaka kama taa za gari. Mama akaacha kuchambua mchele, akasema, "Huyo kamulikwa. Macho ya mnyama hayawaki hivyo ila umpige tochi, tena uwe umeishika usawa wa macho yako mwenyewe. Aliyesimama pembeni haoni kitu."

Mama kakulia Kilosa, kalinda mahindi usiku na babu miaka mingi, kwa hiyo anajua anachosema. Nikasimamisha diski. Wiki nzima nilikuwa nasoma jinsi sehemu ile ilivyopigwa, na katika yote niliyosoma hakuna aliyelieleza jambo lile kwa ufupi kama mama.

Nianze na bidhaa yenyewe. Ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, filamu ya mwaka 1968, katika diski ya 4K (yenye nukta za picha mara nne ya HD ya kawaida) iliyotoka 2018 filamu ilipotimiza miaka 50. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu hapa Magomeni, huu mwaka wa 11, na nilikuwa naitafuta kwa sababu moja: nilitaka kujua watu wasio na kompyuta walifanyaje kitu ambacho mimi mwenye kompyuta kinanishinda. Kopi ya kwanza nilinunua duka moja mjini, kasha limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Ndani ilikuwa diski ya kuchomwa, weusi wa anga umekuwa kijivu chenye vipande vipande, nyota hakuna. Elfu 30 zangu zikaenda hivyo. Ya pili aliniletea binamu yangu anayefanya kazi Muscat, na pamoja na usafiri ilinisimamia shilingi 95,000. Diski za 4K hazifungwi kwa eneo, iliyonunuliwa Oman inacheza Dar bila tatizo. Deki yake sina. Tulitumia PS5 ya mtoto wa dada yangu, naye alikubali kwa sharti: "Mamdogo, ikiisha tu narudi kwenye mpira." Hakurudi kwenye mpira, lakini hilo nitalifikia.

Sasa chui. Sehemu ile ya mwanzo, ya nyani-watu jangwani, haikupigwa jangwani. Ilipigwa ndani ya studio za MGM, Borehamwood, Uingereza. Mandhari ya nyuma ni picha za mnato zilizopigwa Namibia, kubwa za inchi 8 kwa 10, zikarushwa kwa projekta kwenye skrini iliyokuwa nyuma ya waigizaji. Mama alipoyaona majabali yale alisema hii si kwetu huku, na kweli, ni upande wa jangwa la Namib.

Kazi ilikuwa kujua projekta ikae wapi. Ukiiweka mbele, picha itawamwagikia waigizaji, na vivuli vyao vitaanguka kwenye skrini. Walichofanya ni kuiweka projekta ubavuni mwa kamera, kisha mbele ya lenzi wakasimamisha kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, kikiwa kimeinama nyuzi 45. Mwanga wa projekta ukagonga kioo, ukapinda, ukatoka kwenye mstari uleule ambao lenzi inatazamia. Skrini yenyewe ilifunikwa Scotchlite, kitu cha kampuni ya 3M chenye punje ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kwa hiyo mwanga uliogonga skrini ulirudi kuelekea kwenye lenzi, umekolea. Uliogonga manyoya ya mwigizaji ulitawanyika ukafifia, kamera isiuone. Kivuli chake kilikuwepo, ila kimejificha nyuma ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa taa na jicho vimekaa mahali pamoja.

Na jicho la chui lina tabia ileile ya Scotchlite. Liliupokea mwanga wa projekta likaurudisha moja kwa moja ndani ya lenzi. Ndiyo tochi ya mama hiyo.

Usiku ule niliazima koti la rifleta la jirani yetu wa bodaboda, nikalitundika mwisho wa korido, nikazima taa. Tochi ya simu nikaishika kiunoni. Mistari ya koti ikawa kijivu tu, kama kitambaa chochote. Nikaipandisha taratibu, kifuani, shingoni, na ilipofika kwenye shavu, karibu kabisa na jicho, mistari ikalipuka weupe mpaka nikafumba macho. Nikamwita mama asimame hatua tatu kushoto kwangu. Mimi naona koti linawaka, yeye anaona koti gizani. Rifleta zile na skrini ya Borehamwood ni ukoo mmoja.

Diski hii haifichi kasoro za kazi hiyo. Vipande vya Scotchlite havikuwa na mng'ao sawa, viungo vikawa vinaonekana, basi mafundi wakavichana ovyo na kuvibandika bila mpangilio ili jicho lisipate mstari wa kufuata. Kwenye TV nzuri utayaona mabaka hayo angani, hasa mbingu inapokuwa na rangi ya asubuhi. Mimi niliyaangalia kwa heshima. Ila kama unanunua 4K ukitegemea kila kitu kiwe laini kama kioo, ujue mapema.

Kilichonikalisha kitako ni vyombo vya angani. Wenye umri wangu mnakumbuka kanda za VHS: harusi ya shangazi inakopiwa, kopi inakopiwa tena, ikifika ya nne uso wa bi harusi umebaki doa jeupe lenye midomo. Filamu nazo zilikuwa hivyo. Ukitaka kuunganisha picha mbili unakopi, na kila kopi inakula ukali wa picha. Timu ya Kubrick ilikataa kulipa gharama hiyo pale ilipowezekana. Walipiga picha mfano wa chombo, wakaitunza ile filamu bila kuisafisha, pengine miezi mingi, kisha wakairudisha mwanzo ndani ya kamera na kupiga juu yake kitu cha pili, nyota au watu wadogo wanaotembea ndani ya dirisha. Picha zote zikakaa kwenye negativu moja, yaani filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera, ya kwanza. Ukikosea mara ya pili, umeharibu na ile ya kwanza. Mimi nina kitufe cha kurudisha nyuma na bado natoka jasho.

Diski hii imetengenezwa kutoka negativu yenyewe ya milimita 65, na Leon Vitali, aliyekuwa msaidizi wa Kubrick kwa miaka mingi, alisimamia rangi. Ndiyo maana kingo za chombo zinakata. Simamisha pale kituo cha angani kinapozunguka, sogea karibu na TV, utaona vyumba madirishani na watu ndani yake.

Mengine nitayapitia haraka. Kalamu inayoelea ndani ya ndege ya kwenda mwezini imebandikwa kwa utepe unaonata pande mbili kwenye kioo safi, na mhudumu anaibandua tu kwa vidole. Ukijua hivyo ukamtazama tena, utaona vidole vinavyovuta kidogo. Gurudumu ambalo mwanaanga analikimbilia ndani lilijengwa kweli na kampuni ya Vickers-Armstrong, kipenyo futi 38, likagharimu dola 750,000, likawa linazunguka na seti nzima. Maandishi na michoro kwenye skrini za chombo si kompyuta. Ni filamu ndogo za milimita 16 zilizochorwa kwa mkono na kurushwa kwa projekta kutoka nyuma. Mtoto wa dada hapo ndipo alipoweka rimoti ya mpira chini. "Kwa hiyo hakuna kompyuta hata moja humu?" Hakuna.

Waliofuata walishika njia nyingine, na baadhi walifanya kazi ya kusifika. Kwa Star Wars, mwaka 1977, kikosi cha John Dykstra kilijenga kamera inayoongozwa na mitambo, inayoweza kurudia mwendo uleule mara kumi bila kupotoka, ndipo vyombo vingi vikaweza kupita pamoja kwenye picha moja. Jurassic Park ya 1993 ilileta kompyuta, lakini watu husahau kwamba dinosaria humo wanaonekana kwa dakika 15 hivi tu katika filamu nzima, na sehemu kubwa ni mashine za fundi Stan Winston. Yule T. rex alikuwa mashine iliyosimama kwenye mvua ya studio, ngozi yake ikanywa maji mpaka mwili ukawa unatetemeka. Wa kompyuta alikuwa na ndugu yake halisi wa kumwiga: maji haya yanang'aa vipi, taa hii inampiga upande gani. Filamu ile bado inatazamika.

Kisha kikaja kipindi cha kila kitu kijani, na hapo nasema kwa uchungu kwa kuwa naishi humo. Studio yangu ina kitambaa cha kijani ukutani. Bi harusi anakuja na dhahabu yake, satini mabegani, hina mpaka kiwikoni, anataka nyuma yake kuwe na bahari ya Zanzibar wakati wa machweo. Nampiga picha, natoa kijani, naweka bahari. Kijani kimeshaingia kwenye bangili. Kimeingia kwenye mkunjo wa bega. Nikikifuta kwa programu, dhahabu inakufa inakuwa shaba chafu. Jua la bahari liko kushoto, taa yangu ilikuwa kulia. Mteja hajui lolote kuhusu taa, lakini anatazama sekunde mbili, anasema, "Dada, mbona kama nimebandikwa?" Miaka 11 naisikia sentensi hiyo. Naisikia pia moyoni nikitazama filamu za mamilioni ya dola zilizopigwa hivyo, mashujaa kumi wamesimama kwenye magofu na hakuna hata mmoja aliyepigwa na mwanga wa moto unaowaka nyuma yake.

Jicho la mtu halidanganyiki kwenye mwanga. Unaweza kulidanganya kwenye ukubwa, umbali, hata uzito, likakubali. Lakini likiona uso unapata mwanga wa nyumba moja na ukuta wa nyuma unapata wa nyumba nyingine, linakataa papo hapo. Kule Borehamwood walilijua hili: juu ya nyani-watu walitundika taa tele, kila moja na swichi yake, wakawa wanawasha na kuzima mpaka mwanga wa juu ulingane na mbingu ya Namibia iliyo kwenye skrini.

Ndiyo maana nilifurahi sana niliposoma tamthilia ya TV The Mandalorian ya 2019 ilivyotengenezwa. Mhusika mkuu amevaa chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Mweke mtu huyo mbele ya kijani, atakuwa kijani mwili mzima, ni bangili za bi harusi wangu kwa ukubwa wa mtu. Basi wakajenga ukuta wa LED uliozunguka seti, kimo futi 20, kipenyo futi 75, na dari juu yake. Jangwa linaonyeshwa ukutani, na mwanga wa jangwa hilohilo unamulika chuma. Gravity ya 2013 ilikuwa imeshapita karibu na hapo, mwigizaji akiwekwa ndani ya kisanduku cha taa za LED zinazoonyesha dunia ikizunguka. Mtu na mandhari vinaingia kwenye lenzi pamoja, kwa mara moja, kama mwaka 1968, na safari hii mandhari yenyewe ndiyo taa.

Nirudi kwenye diski kwa wanaotaka kununua. Manukuu ya Kiswahili hayamo. Mama hakuyahitaji kwa muda mrefu, kwani filamu inakwenda karibu dakika 25 kabla mtu hajafungua mdomo, na hata baadaye maneno ni machache. Sauti ni safi, na anga la nje limeachwa kimya, unasikia pumzi ya mtu ndani ya helmeti tu, zima feni. Ni ndefu na inakwenda polepole kwa makusudi. Ile safari ya mwisho ya rangi, aliyoitengeneza Douglas Trumbull kwa kuipitisha kamera mbele ya mwanya mwembamba wa mwanga huku shata imeachwa wazi, kwangu imezidi urefu, ingawa HDR, mfumo unaopanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha, inaifanyia haki kuliko kitu kingine chochote humo. PS5 haichezi Dolby Vision, aina moja ya HDR, itakupa HDR10, aina ya kawaida, na kwa TV yangu hiyo ilitosha. Kwenye diski ya nyongeza msiruke kipande kifupi cha mwaka 1966 kinachoonyesha studio kazi ikiendelea. Ukiwa na elfu 95 na TV ya kawaida isiyo ya 4K, subiri.

Jumamosi iliyopita nilikishusha kitambaa cha kijani. Nikasimamisha TV ya inchi 65 nyuma ya bi harusi, nikaweka bahari wakati wa machweo, nikazima taa zangu zote isipokuwa moja, nayo nikaifunika karatasi ya rangi ya chungwa upande uleule wa jua. Picha ya kwanza ilikuwa na mawimbi ya mistari mistari kwenye maji, lenzi inagombana na nukta za TV. Nikamsogeza hatua mbili mbele ili maji yatoke kwenye fokasi, mistari ikapotea. Nikavuta karibu kwenye mkono wake. Ndani ya kila bangili kulikuwa na ufito mwembamba wa bahari, na alipogeuza mkono, bahari nayo ikageuka. Wiki hii natafuta TV ya pili ya kuazima, niiweke ubavuni.